Maswali na Majibu: Bei, Kipimo na Mfuko wa Mnunuzi

Marudio ya Biashara, mada ya matumizi ya nyumbani. Palipoandikwa "tuchukulie", bei ni za mazoezi tu. Ukiwa nyumbani, weka bei za genge la kwenu urudie hesabu.

1. Kanuni ya Engel inasema nini?

Ernst Engel, mtakwimu wa Ujerumani, alieleza mwaka 1857 kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyoishia kwenye chakula. Usichanganye sehemu na kiasi. Tajiri hula kwa fedha nyingi kuliko maskini, ila kwake hiyo ni sehemu ndogo ya alichonacho. Ndiyo sababu mada hii inaanzia jikoni.

2. Bei kwa kipimo ni nini?

Ni fedha uliyotoa ukigawanya kwa kilo, lita au uniti ulizopata. Vitu viwili vya ujazo tofauti havilinganishwi kwa njia nyingine.

3. Tuchukulie lita ya mafuta ya kula ni sh 6,000. Kwa Mangi yanapimwa mililita 60 kwa sh 500. Mama mmoja wa Mbagala hununua kipimo kimoja kila siku. (a) Kokotoa anachozidisha kwa siku 30. (b) Eleza kwa nini haachi.

(a) Kwa Mangi: 500 × 30 = sh 15,000. Mafuta aliyopata: 60 × 30 = mililita 1,800, yaani lita 1.8. Kwa bei ya lita: 1.8 × 6,000 = sh 10,800. Amezidisha sh 4,200.

(b) Hapa watahiniwa wengi huandika "anunue kwa jumla" wakafunga swali. Hilo ni nusu ya jibu, tena nusu nyepesi. Anayepata riziki kwa siku, awe mama lishe, kibarua wa ujenzi au bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri jioni, hana sh 6,000 ya kufungia kwenye chupa leo ilhali unga na nauli vinamsubiri. Halafu Mangi hauzi mafuta peke yake. Siku mfuko ukiwa mtupu, anaandika kwenye daftari na watoto wanakula. Katika ile sh 4,200 kuna bei ya mkopo usio na mkataba, na kuna bei ya kutunziwa, kwa sababu chupa ikikaa ndani mkono huwa mwepesi kumimina na jirani hakosi kuja na kikombe.

Kwa hiyo jibu kamili litaje mtaji wa kuanzia unatoka wapi. Njia ninayoiona inafaa ni mchezo: zamu yake ikifika, anunue dumu badala ya seti ya vyombo, au majirani wachange wanunue moja na kugawana kwa kipimo kilekile. Akibaki na mililita 60 kwa siku, amepata faida. Akianza kumimina 100, atakuwa ametumia sh 18,000 kwa mwezi, zaidi ya alizokuwa akimpa Mangi.

4. Kwa viwango vya LUKU vya 2016, kaya ya kundi T1 inalipa sh 292 kwa uniti, na juu yake VAT 18%, REA 3% na EWURA 1%. Ina balbu 4 za wati 60 zinazowaka saa 5 kwa siku. Ikifunga za LED za wati 9, itaokoa kiasi gani kwa siku 30?

Uniti moja: 292 × 1.22 = sh 356.24.
Balbu za zamani: 4 × 60 × 5 × 30 = wati-saa 36,000, yaani uniti 36.
LED: 4 × 9 × 5 × 30 = wati-saa 5,400, yaani uniti 5.4.
Tofauti: uniti 30.6 × 356.24 = takribani sh 10,900.

Tahadhari: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Mwezi ukianza na uniti zikapungua, usikimbilie kusema umeme umepanda.

5. Utajuaje kwamba mtungi wa gesi wa kilo 6 una kilo 6?

Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukisoma kilo 7.2, mzani uonyeshe 13.2. Dai mzani kabla ya kulipa.

6. "Mali ikishauzwa hairudishwi." Je, maandishi haya yanamfunga mnunuzi?

Kama umebadili mawazo tu, au rangi haikumpendeza mwenzako, muuzaji hana wajibu wa kukurudishia. Mali ikiwa mbovu ni habari nyingine: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua masharti ya ubora hata kama hayakutamkwa dukani. Lakini ukiikagua na kasoro ilikuwa wazi, huwezi kuilalamikia baadaye. Pa kupeleka shauri ni Tume ya Ushindani, FCC, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Nenda na risiti ya EFD. Yule anayekwambia "bila risiti nakupunguzia" anakulipa kidogo ili umwachie ushahidi wako.

7. Tuchukulie simu ni sh 350,000 taslimu. Kwa mkopo ni kianzio sh 60,000, kisha sh 1,500 kila siku kwa siku 365. Toa ushauri.

1,500 × 365 = sh 547,500. Ongeza kianzio: sh 607,500. Ziada ni sh 257,500. Dereva anayepokea abiria kwa simu hiyo anaweza kuirudisha fedha ndani ya mwaka, mwache achukue. Anayeitaka ya picha na aweke akiba, maana sh 1,500 hiyohiyo kwa siku 234 inafika sh 351,000, na simu itakuwa yake bila deni.

Kwenye mtihani onyesha kila hatua ya hesabu pamoja na kizio chake, na swali lenye (b) lisiachwe na mistari miwili.