Ukiishinda Serikali mahakamani, nani atamlipa avoka?

Katika mikutano yetu ya Nyamianda kuna swali linalorudi mara kwa mara: mlemavu akishinda kesi dhidi ya Serikali, pesa ya avoka inatoka wapi? Watu wengi wanaacha haki yao kwa sababu ya swali hilo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna gharama za mahakama (karatasi, mihuri, kupeleka barua za mwito) na kuna malipo ya avoka. Kwetu Kongo, anayeshindwa huhukumiwa kulipa zile za kwanza. Malipo ya avoka kwa kawaida hubaki juu ya kila mtu mwenyewe, hata aliyeshinda. Tuseme mchukuzi wa bandari ya Kalundu amekatika mkono kazini na amenyimwa malipo ya ulemavu. Anaweza kushinda, na sehemu ya malipo ikaenda kwa avoka.

Njia ya maskini ipo. Sheria ya 28 Septemba 1979 juu ya mawakili imeweka ofisi ya mashauri ya bure katika kila baraza la mawakili. Pia mtu anaweza kuomba cheti cha umaskini kwenye ofisi ya Mambo ya Jamii, ili asamehewe gharama za mahakama. Ombeni cheti hicho mapema, kwa maana baada ya hukumu kuna ada nyingine: asilimia ya fidia, ambayo hudaiwa kabla ya kupewa nakala ya kutekeleza hukumu. Hapo ndipo wengi wanakwama, na mimi naona ni ajabu kumdai mhanga pesa juu ya pesa ambayo hajaiona.

Hata ukilipa, mali ya Serikali haikamatwi. Mwaka 2006, katika kesi ya Songo Mboyo huko Équateur, Serikali ilihukumiwa kulipa fidia pamoja na askari wake, lakini wahanga walingoja miaka. Karibu nasi, Baraka, mahakama ya kijeshi iliamuru Februari 2011 wanawake wa Fizi walipwe. Wao pia walingoja. Sheria ya 26 Desemba 2022 ilianzisha mfuko wa FONAREV kwa wahanga wa ubakaji wa vita na jinai kubwa. Mchukuzi wetu wa Kalundu haumhusu.

Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wana sheria tofauti. Kwa sheria ya 1980, mtu asiye na mali nyingi sana anayeishinda serikali kuu mahakamani, kwa mfano juu ya malipo ya ulemavu, anaweza kuomba serikali ilipe avoka wake. Ombi lipelekwe ndani ya siku 30 baada ya hukumu kuwa ya mwisho. Serikali inaepuka tu ikionyesha kwamba msimamo wake ulikuwa na msingi wa kutosha, ama kwamba kuna hali ya pekee. Avoka anaweza pia kupewa hadi asilimia 25 ya malimbikizo, lakini akipata malipo yote mawili kwa kazi ileile, lile dogo anamrudishia mteja. Tahadhari moja: mwaka 2010 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba pesa hiyo ni ya mteja, kwa hiyo serikali inaweza kukata humo madeni anayodaiwa.

Kwa mazungumzo katika vikundi: nani hapa kijijini amewahi kupata cheti cha umaskini, na alidaiwa nini ili akipate? Avoka akikubali kesi, mapatano ya malipo yaliandikwa?