Mbwa wanaohara damu: virusi inayobadilisha koti



Asubuhi mtoto wa mbwa anakataa chakula. Jioni anatapika, usiku anahara maji yenye damu, yenye harufu mbaya sana. Siku ya tatu amekufa. Hapo watu wa kambi wanasema: «Jirani amempa sumu», na ugomvi unaanza. Mara nyingi si sumu. Ni parvovirusi.

Ugonjwa huu ulijulikana mwaka 1978, na upesi ukazunguka dunia yote. Virusi yake ni ndugu ya ile ya paka. Iligeuka kidogo tu, ikapata ufunguo wa kuingia katika mwili wa mbwa. Tangu hapo haikutulia. Ya kwanza iliitwa namba 2. Kati ya 1979 na 1981 ikafukuzwa na 2a. Mwaka 1984 ikaonekana 2b, na mwaka 2000, huko Italia, 2c. Koti lake limejengwa kwa vipande vilivyofuatana kama shanga. Kipande cha 426 ndicho hasa kinachotofautisha hizo tatu. Ajabu ni hii: ile ya 1978 haikuweza kumshika paka, lakini 2a na wadogo zake wanaweza tena.

Je, sindano ya zamani ingali na nguvu? Ndiyo. Koti limebadilika kidogo, lakini askari wa damu bado wanalitambua. Kinachoharibu kazi ni kingine. Maziwa ya kwanza ya mama yanampa mtoto kinga, na kinga hiyo inaweza kuizuia sindano isifanye kazi. Kwa hiyo sindano moja ya wiki 6 haitoshi. Rudi kwa munganga wa nyama kila wiki 3 au 4, mpaka mtoto apite wiki 16. Wengi wanaacha baada ya ya kwanza, halafu wanalaumu dawa!

Sasa tazama viatu vyako vya kazi. Virusi hii inakaa katika udongo miezi mingi, na sabuni haiiui. Ukikanyaga mavi ya mbwa mgonjwa njiani, umeileta nyumbani. Ondoa uchafu kwanza, kisha pitisha javel: sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, uache dakika 10. Usichanganye javel na asidi, mvuke wake ni sumu.

Mbwa akishikwa, hakuna dawa ya kuua virusi yenyewe. Anakufa hasa kwa kukaukiwa maji. Munganga akimtia serumu mapema, anaweza kupona. Watu hawashikwi na parvo ya mbwa. Kichaa cha mbwa ni jambo lingine: ukiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, uende lopitalo siku ile ile.