Mwanangu, Usingoje Nyumba ya Tetesi

*Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Gitting, nina watoto watatu, nauza vitunguu, viazi na mboga sokoni Katesh. Nimepanga vyumba viwili, kila kimoja 25,000 kwa mwezi. Sasa mwenye nyumba anasema kuanzia Januari ni 35,000 kwa chumba, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo, la sivyo nihame. Bati linavuja, nikimwambia, ananijibu nyumba ziko nyingi, nikatafute. Mume wangu yuko Mererani, hela anatuma akipata. Shemeji ananiambia nisihangaike, serikali itajenga nyumba za kupangisha kwa bei ya chini kwa watu wa hali yetu, kama walivyojengewa wale wa maporomoko. Kuna kijana anaandikisha majina, fomu ni 50,000. Marehemu baba aliniachia kipande cha ardhi Gitting, ila kaka zangu wanasema mtoto wa kike hajengi kwao. Nilipe fomu, nilipe kodi, au nirudi kijijini?*
*— Mama Watatu, Katesh*

Mwanangu, nianze na lisiloweza kungoja: hiyo 50,000 ya fomu usiitoe. Malipo ya serikali hayapokelewi na kijana anayezunguka sokoni na daftari. Yanalipwa kwa kontroli namba, benki au kwa simu, na risiti inatoka. Akikubana, mwambie mwongozane hadi kwa mtendaji wa kata akaeleze mradi uko kiwanja gani, nani anajenga na kodi itakuwa shilingi ngapi. Mwenye mradi wa kweli hatakataa safari hiyo. Kama wenzako wameshatoa, nendeni polisi kwa pamoja. Na akitaja mtumishi wa umma kuwa ndiye aliyemtuma, TAKUKURU wapo.

Shemeji yako simlaumu, maana tumaini lake lina pa kuanzia. Desemba 3, 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na vijiji jirani, likachukua watu na nyumba. Serikali na wadau wake wakajenga nyumba 109 kule Waret, na mwaka uliofuata wakazikabidhi kwa waliopoteza makazi. Anayepita barabarani akiziona zile kuta mpya, lazima moyo wake useme zamu yetu inakuja. Lakini zile zilitolewa kwa kaya zilizojulikana kwa majina, kwa sababu ya janga. Hakuna anayelipa kodi mle, wala hakuna orodha ya kujiunga. Kuzifanya dalili ya nyumba za kupangisha ni kuchanganya rambirambi na sera.

Sasa tuulize: nyumba za serikali za kupangisha, kwa desturi, anakaa nani? Wakala wa Majengo Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2002, kazi yake kubwa ni makazi ya watumishi wa umma. Na miaka ileile ya mwanzo, maelfu ya nyumba za serikali ziliuzwa kwa watumishi hao, uamuzi uliozua mjadala bungeni na mitaani kwa miaka mingi. Watumishi Housing nayo inajenga hasa kwa ajili ya watumishi. Wewe hati ya mshahara huna, kwa hiyo milango hiyo miwili haikufunguliwa kwa ajili yako.

Limebaki Shirika la Nyumba la Taifa. Hili lilizaliwa mwaka 1962, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa hasa kwa watu kama wewe: kubomoa vibanda vya makuti na udongo Dar es Salaam na kujenga nyumba za bei nafuu mahali pake. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo makubwa ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Tangu hapo Shirika linatakiwa lijitegemee. Linajenga kwa mkopo, linalipa riba, na nyumba zake nyingi ziko katikati ya miji mikubwa. Hata zile lilizoziita za gharama nafuu, muuza vitunguu wa Katesh hazifikii. Sisemi kwamba wanaoliongoza hawana huruma. Shirika lililoambiwa lijilishe lenyewe litamtafuta kwanza mpangaji anayeweza kulilisha.

Tazama Magomeni Kota, Dar es Salaam. Pale palikuwa na kaya 644 za wapangaji wa siku nyingi, nyumba zao zikabomolewa. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwaahidi kwamba watajengewa mpya na watakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Maghorofa yalizinduliwa na Rais Samia Machi 23, 2022, na wakazi wale wakapewa kweli. Ila mpango ni kwamba baadaye wayanunue: kama milioni 48 kwa nyumba ya chumba kimoja na milioni 56 kwa ya vyumba viwili, hata baada ya gharama ya ardhi kuondolewa. Chukua hiyo milioni 48, igawanye kwa miaka 30 bila riba hata senti: inazidi 130,000 kila mwezi. Nawe hapo unalia, kwa haki kabisa, kwa sababu vyumba viwili vimefika 70,000. Nyumba hiyo ni nafuu kwa mwalimu au karani mwenye mshahara. Kwako wewe siyo, hata kama ingejengwa Katesh kesho asubuhi.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: usipange maisha ya watoto wako kwa kutegemea nyumba ambayo hata kiwanja chake hakijapimwa. Panga kwa vitu vilivyo mkononi mwako, na ulivyo navyo si haba.

Cha kwanza ni chumba unachokaa sasa. Zamani ilikuwepo sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango: mwenye nyumba hakuweza kupandisha kodi au kumtoa mpangaji bila kupitia baraza. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna anayemwekea mwenye nyumba kikomo cha kodi wala cha miezi ya kulipa kabla, ndiyo maana miezi sita imekuwa desturi. Lakini hujaachwa mtupu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamwekea mwenye nyumba wajibu hata pasipo maandishi: akuache ukae kwa amani, na atunze paa na kuta. Ukiwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi, notisi ya kukutoa isipungue mwezi. Kung'oa mlango au kukutolea vyombo nje kwa mabavu si njia ya kisheria. Ikifika huko, anzia baraza la kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, una haki ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Hata hivyo mwenye nyumba usimwendee na sheria mkononi siku ya kwanza. Naye ana hesabu yake: chumba kitupu hakimwingizii kitu, na mpangaji mpya hamjui kama analipa. Mwendee kabla Januari haijafika, maana Januari sare na madaftari vitakuwa vimekumaliza. Mpe pendekezo lenye tarakimu: 30,000 kwa chumba, ulipe ya miezi mitatu, yaani 180,000 badala ya 420,000 anazozitaka, na kodi isipande kwa mwaka mzima. Bati atengeneze yeye. Akisema hana hela, tengeneza wewe kwa makubaliano kwamba gharama itakatwa kwenye kodi, na risiti ya duka uitunze. Yote yaandikwe, mtie sahihi wote wawili mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kila mmoja abaki na nakala. Akikataa kabisa, utakuwa umepata muda wa kutafuta pengine kabla mvua hazijakukuta barabarani. Na kila unapolipa, lipa kwa simu au dai risiti. Mpangaji asiye na risiti hana ushahidi.

Cha pili, na hiki ndicho kikubwa, ni kile kipande cha Gitting. Kaka zako wanasema mtoto wa kike hajengi kwao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kinyume chake: mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na mila yoyote inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Hawakufanyii hisani wakikuacha ujenge.

Ila usianze kwa kuwashtaki ndugu zako. Waite wazee wa ukoo na majirani wa mpaka, wale waliosikia baba akitamka. Kama mama yupo, aseme yeye. Kikao kiandikwe muhtasari na waliohudhuria wasaini. Kisha peleka maombi halmashauri ya kijiji ili kipande kiandikwe kwa jina lako na upate hati ya hakimiliki ya kimila. Na kaka zako wakisingizia mila, wakumbushe kwamba Hanang hiyohiyo Wabarbaig wana desturi ya zamani ya wanawake kukaa kikao chao na kumtoza ng'ombe mwanamume aliyemkosea mwanamke. Mila za huko kwenu zinajua kumtetea mwanamke. Wasichague ile inayowafaa wao tu.

Je, urudi kijijini leo? Hapana. Biashara yako iko Katesh na watoto wana shule. Rudi kwa hatua: msimu huu msingi na matofali, msimu ujao chumba kimoja na bati. Hata ukiishia kukipangisha, utakuwa umekata utumwa wa kodi nusu. Hela ya kuanzia usiikope kwa wale wanaoshikilia kadi ya benki au simu ya mtu. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, nayo ni ya biashara, si ya kodi ya nyumba. Kaa na wauza mboga wenzako, sajilini kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii, mkuze mtaji. Faida ndiyo ikanunue matofali. Mumeo naye mwambie kiasi hasa kinachotakiwa na tarehe yake. Anayeambiwa "tuma chochote" hutuma chochote.

Sasa wale wenye dhamana, maana barua hii si ya mama mmoja. Kenya wameamua kukata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri kuongeza kiasi hichohicho, ili kujenga nyumba za bei nafuu. Nako nyumba hizo zinalenga zaidi mnunuzi. Jiji la Vienna, Austria, lilianza kujenga nyumba za kupangisha miaka ya 1920, na mpaka leo jiji lenyewe ndilo mwenye nyumba mkubwa pale, kwa sababu halikuziuza. Somo ni jepesi: nyumba ya umma hubaki nafuu pale tu inapobaki ya kupangisha, na kodi yake inapopimwa kwa kipato cha anayekaa.

Kwetu tumezoea kujenga kwa ajili ya mwenye mshahara, kisha tunaita nyumba hizo za mnyonge. Madiwani wa Hanang, bajeti ya halmashauri mnaijadili kila mwaka: wekeni mstari mmoja wa vyumba vya kupangisha Katesh, ambavyo muuza vitunguu anaweza kuvilipia kwa mwezi, bila kudaiwa miezi sita. Na ninyi wapangaji, siku ya mkutano wa kitongoji msibaki sokoni. Nendeni mkaliseme hilo mbele ya diwani, na katibu aliandike kwenye muhtasari.