UNGA WA DAWA UNAKAUSHWAJE?

Mama, unapoanika mihogo, unajuaje kama imekauka? Unaivunja kwa mukono, unasikiliza sauti yake. Ukiisaga ikiwa mibichi, unga unashika kuvu na kazi yako imepotea.

Dawa ya unga iko vilevile. Paketi tunayokupa hapa kwa mutoto anayehara iko na glukosi na chumvi za namna tatu. Maji yakibaki ndani, unga unashikamana sawa jiwe. Zamani chumvi moja ilikuwa bikabonati. Ikipata joto na maji, unga uligeuka kahawia. Kwa hiyo mwaka 1984 OMS ilishauri watie sitrati mahali pake, sababu inadumu zaidi.

Viwanda vingi vinakausha unga wa dawa ndani ya mashini kubwa. Hewa ya moto inapulizwa toka chini, unga unaruka-ruka sawa maji yanayochemka. Sasa nani atatia mukono mule? Angetia uchafu! Kutwaa kidogo, kupima uzito, kukausha na kupima tena, kunakawia. Basi ku ukuta wa mashini wanaweka kipimo cha umeme. Kinapeleka umeme mudogo sana katika unga. Maji yanaitikia umeme kwa nguvu: wataalamu wanayahesabia karibu 80, na unga mukavu kwa kawaida haufiki 10. Maji yakipungua, namba inashuka, na mufanyakazi anajua saa ya kuzima joto. Akipitisha kiasi, dawa zingine zinakuwa vumbi tupu.

Lakini kipimo hicho kinaweza kudanganya. Unga mubichi ukiganda juu yake, kitaonyesha maji hata kama unga mwingine wote umekauka. Ndiyo maana mizani haijatupwa.

Kazi hiyo yote inaweza kuharibikia nyumbani kwako. Usiweke paketi karibu na mutungi wa maji wala mahali pa mvuke wa chungu. Usiifungue mbele ya saa yake. Ukiifungua, mimina unga wote. Usigawe nusu, sababu chumvi haitagawanyika sawasawa. Paketi nyingi zinaomba lita 1 ya maji safi, lakini si zote: uliza munganga. Ikipita saa 24, mwaga inayobaki, tengeneza ingine.

Ukikuta paketi imetoboka, ama unga umegeuka kahawia, usimupe mutoto. Uilete pamoja naye tukubadilishie, na njiani usiache kumunyonyesha.