Nani alipie hatari isiyoonekana?

Mwananchi anapoitwa kwenye harambee, huwa anajua anachochangia. Ni darasa linalovuja, mgonjwa aliyelazwa, au mtoto aliyepata barua ya kujiunga na shule ya upili. Kuna kazi nyingine inayotegemea michango ambayo haina picha ya kubandika kwenye bango, kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea. Hiyo ndiyo kazi ya mashirika yasiyo ya kiserikali yanayojaribu kupunguza hatari zinazoweza kuukumba ulimwengu mzima, zikiwemo silaha za nyuklia. Wengi huuliza: hayo si ya serikali kubwa? Shirika la watu binafsi litaongeza nini?

Jibu zuri linapatikana Vinča, kituo cha utafiti wa nyuklia kilicho nje kidogo ya Belgrade, mji mkuu wa Serbia.

Enzi za Muungano wa Sovieti, kituo hicho kilipewa urani ya kuendeshea kinu cha utafiti. Muungano ukavunjika, Yugoslavia ikasambaratika kwa vita, lakini urani ikabaki. Kufikia mwaka wa 2002, zilikuwepo kilo 48 za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, kiasi kilichokadiriwa kutosha mabomu mawili. Haikuwa chini ya ulinzi unaolingana na hatari yake. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, hofu ilikuwa kwamba kundi la magaidi lingeweza kuinunua au kuiiba.

La kushangaza ni kwamba hakuna serikali iliyopinga kuiondoa. Marekani ilitaka iondoke, Urusi ilikuwa tayari kuipokea, na Belgrade ilikubali kuitoa. Mambo yalikwama kwenye jambo dogo la uhasibu. Kituo kilikuwa pia na zaidi ya tani mbili za mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, yaliyohifadhiwa ndani ya mabwawa ya maji huku vyombo vyake vikiliwa na kutu. Wenyeji walisema hawangetoa urani safi kisha waachiwe taka. Serikali ya Marekani nayo ikasema fedha zake ziliidhinishwa kwa kuzuia kuenea kwa silaha, na kusafisha mazingira hakukuwa sehemu ya idhini hiyo.

Yeyote aliyewahi kufuatilia bajeti ya kaunti hatashangaa. Fedha zilizotengewa kisima haziwezi kununua dawa za zahanati, hata kama foleni ya wagonjwa imefika barabarani. Sheria hiyo inalinda kodi ya mwananchi, na ni vyema iwepo. Lakini huko Vinča iliacha pengo ambalo hakuna afisa aliyekuwa na mamlaka ya kuliziba.

Lilizibwa na shirika linaloitwa Nuclear Threat Initiative, lililoanzishwa mwaka wa 2001 na Ted Turner, mwanzilishi wa kituo cha televisheni cha CNN, pamoja na aliyekuwa seneta wa Marekani, Sam Nunn. Shirika hilo liliahidi dola milioni 5 za kuanza kushughulikia taka. Agosti 2002, kabla ya jua kuchomoza, msafara uliolindwa na wanajeshi uliibeba urani hadi uwanja wa ndege, ikasafirishwa hadi Dimitrovgrad nchini Urusi. Mafuta yaliyotumika yaliondoka mwishoni mwa mwaka wa 2010, baada ya serikali na wafadhili wengine kutoa mamilioni zaidi.

Dola milioni 5 ni pesa nyingi kwa mtu mmoja, lakini si kitu kwenye bajeti ya ulinzi ya taifa kubwa. Thamani yake ilitokana na mahali zilipowekwa.

Mfano wa pili unaigusa Kenya kwa karibu zaidi. Nchi inayotaka umeme wa nyuklia huhitaji urani iliyorutubishwa kidogo. Ikihofia kwamba wauzaji wataigomea kwa sababu za kisiasa, inaweza kuamua kujenga mitambo yake ya kurutubisha, na mitambo hiyo hiyo inaweza kutengeneza malighafi ya bomu. Mwaka wa 2006, kupitia shirika hilo hilo, tajiri Warren Buffett aliahidi dola milioni 50 ili Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki liwe na akiba ya mafuta kwa nchi itakayonyimwa sokoni. Aliweka sharti: nchi wanachama zichange dola milioni 100 au urani ya thamani hiyo. Marekani, Umoja wa Ulaya, Norway, Umoja wa Falme za Kiarabu na Kuwait zikachanga. Urani yenyewe iliwasili kwenye ghala nchini Kazakhstan mwaka wa 2019. Kenya, ambayo mipango yake ya kujenga kinu cha umeme wa nyuklia imezua mjadala mkali, hasa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi, ni miongoni mwa nchi ambazo akiba ya aina hii inazihusu.

Hata hivyo, mchango wa hiari una udhaifu wake. Shirika halitii saini mkataba kwa niaba ya taifa, wala halina jeshi la kulinda msafara. Tena mfadhili anaweza kuondoka wakati wowote. Wakfu wa MacArthur wa Marekani, mmoja wa wafadhili wakubwa wa kazi ya kupunguza hatari ya nyuklia, ulitangaza mwaka wa 2021 kwamba ungejiondoa katika eneo hilo. Hatari haikuwa imepungua. Watafiti na wanaharakati waliotegemea ruzuku hizo walilazimika kubisha milango mingine, na milango ya namna hiyo ni michache. Kazi inayobebwa na matajiri wawili watatu inaning'inia kwenye uzi mwembamba, na ndiyo sababu michango midogo ya watu wengi ina maana.

Kwa mkazi anayefikiria kuunga mkono shirika la aina hii, liwe la kimataifa au la kupatanisha jamii mpakani mwa kaunti, kisa cha Vinča kinampa swali la kwanza la kuuliza: pengo gani halizibwi na serikali, na kwa nini? Shirika lisiloweza kulijibu kwa maneno ya kawaida halijajua kazi yake. Baada ya hapo aulize ni nani mwingine anayechangia, na kazi itaendeleaje mfadhili huyo akiondoka.

Uhalali nao ukaguliwe. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1990. Shirika lililosajiliwa chini yake huwa na cheti, na kuomba kukiona kabla ya kutoa pesa si utovu wa adabu. Anayechangia shirika la hisani lililosamehewa kodi aombe stakabadhi na aihifadhi, kwani mchango wa fedha unaweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi iwapo masharti ya Mamlaka ya Ushuru yametimizwa.