Vidole Vingi, Nahodha Mmoja

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja utadhani zinagombana. Ya kwanza ni "Kidole kimoja hakivunji chawa." Ya pili ni "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Moja inatuhimiza tuwe wengi, nyingine inatuonya tusiwe wengi. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba zote mbili ni kweli, na kwamba kuna kazi mpya ya tarakilishi isiyofanyika vyema bila kuzitii zote mbili. Kazi hiyo ni kuwaongoza mawakala wengi wa akili bandia waandike programu.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya mjadala tunaousikia kila jioni tukitembea kwenda nyumbani. Ati hakuna haja tena ya kusoma Somo la Tarakilishi, kwa kuwa mashine sasa inajiandikia programu yenyewe! Kuna hata waliolitupa somo hilo walipokuwa wakichagua masomo ya Kidato cha Tatu. Basi tuitazame kazi yenyewe kwanza, halafu tuamue.

MAANA YA MANENO

Programu ni maagizo ambayo tarakilishi huyafuata ili kufanya kazi fulani, kwa mfano kutunza hesabu za duka.

Wakala hapa si yule wa M-Pesa. Ni akili bandia iliyopewa uwezo wa kutenda. Mfumo wa ChatGPT ulipotolewa Novemba 2022, watu walizoea kuuliza swali na kupata jibu. Wakala huenda mbali zaidi: hufungua mafaili, huandika programu, huiendesha, husoma kosa lililotokea, kisha hujaribu tena. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ilitoa wakala wa namna hiyo aitwaye Claude Code, na kampuni ya OpenAI ikatoa wake aitwaye Codex.

Skripti ni orodha fupi ya amri ambazo tarakilishi huzifuata kwa mpangilio ule ule kila mara. Skripti haina akili, na hiyo ndiyo sifa yake. Ikiambiwa "usipite hapa mpaka jaribio lifaulu," haipiti. Haichoki, haibembelezeki na haisahau.

Kwa hiyo wakala ana akili lakini anaweza kupotoka. Skripti haina akili lakini haipotoki kutoka kwenye mpangilio iliyopewa. Kazi tunayoizungumzia ni kuwaunganisha hawa wawili.

MFANO WA KIWANDA CHA KAHAWA

Aliyezaliwa Othaya, Tetu au Mathira hahitaji kufunzwa jambo hili kwa vitabu. Msimu mkubwa wa kahawa ukifika, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mamia ya watu hupeleka kahawa mbivu kwenye faktori. Hebu tazama jinsi kazi inavyokwenda. Kwanza mkulima humwaga kahawa yake chini na kuchambua, zile mbichi na zilizoharibika zikitolewa. Pili, karani hupima na kuandika kilo. Tatu, mashine humenya maganda, na maji hutenganisha punje nzito na nyepesi. Nne, punje huchachushwa katika matangi. Tano, huoshwa kwenye mifereji. Sita, huanikwa juu ya meza za wavu na kugeuzwa geuzwa mpaka zikauke.

Mambo mawili ni ya kuangaliwa hapa. La kwanza, kuna kazi zinazoweza kufanywa na wengi kwa wakati mmoja. Watu hamsini wanaweza kuchambua pamoja bila kugongana, kwa sababu kila mtu ana rundo lake. Lakini kuna kazi ambazo lazima zisubiriane. Huwezi kuosha kabla ya kuchachusha, hata ukileta watu elfu moja.

La pili, karani hapimi kahawa ambayo haijachambuliwa. Huo ni ukaguzi. Mbichi zikipenya hapo, zitaharibu ladha ya tangi zima, na hakuna atakayejua zilikuwa za nani.

Mpangilio wa faktori ndio skripti. Wachambuaji ndio mawakala.

MANAHODHA WAKIWA WENGI

Sasa tuje kwenye programu. Tuseme tunataka programu ya maktaba ya shule. Ina sehemu nne: orodha ya vitabu, orodha ya wanafunzi, kuazima na kurudisha, na hesabu ya faini. Tunao mawakala wanne. Mtu mwenye haraka atasema, "Kila mmoja achukue sehemu yake, kazi kwisha!"

Hapo ndipo mambo yanapochacha. Wakala wa kuazima anaandika tarehe ya kurudisha kitabu hivi: 03/04, akimaanisha tarehe 3 Aprili kama tunavyoandika Kenya. Wakala wa faini anaisoma kama Wamarekani, mwezi kwanza, na kuona tarehe 4 Machi. Mwanafunzi anarudisha kitabu tarehe 10 Aprili, siku ambayo programu inaijua vizuri kwa saa ya tarakilishi. Amechelewa siku 7, na faini ikiwa shilingi 5 kwa siku anapaswa kulipa shilingi 35. Lakini programu inahesabu siku 37 na kumdai shilingi 185! Kila wakala amefanya kazi yake vizuri. Kosa liko katikati yao, mahali ambapo hakuna aliyewekwa kuangalia.

Tatizo hili ni la zamani kuliko akili bandia. Frederick Brooks, aliyesimamia uandishi wa programu kubwa ya OS/360 katika kampuni ya IBM, alichapisha kitabu mwaka 1975 akieleza kwamba ukiongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa, utazidi kuchelewa. Sababu moja ni kwamba kila mtu lazima aelewane na kila mwenzake. Watu 4 wana njia 6 za kuelewana. Watu 10 wana njia 45. Watu 20 wana njia 190. Fomula yake ni n(n–1) gawanya kwa 2, jaribu mwenyewe. Kila njia ni mahali ambapo 03/04 inaweza kusomwa vibaya.

SKRIPTI YA MAKTABA

Dawa ni kuwazuia mawakala wasiongeane ovyo, bali kila mmoja apitie kwa skripti. Mpangilio mzuri unaweza kuwa hivi:

1. Binadamu anaandika mkataba kabla ya kazi kuanza. Kwa mfano: tarehe zote ziandikwe mwaka kwanza, 2026-04-03, na si vinginevyo.

2. Binadamu anaweka majaribio. Kwa mfano: kitabu cha tarehe 3 Aprili kikirudishwa tarehe 10 Aprili, faini iwe shilingi 35 kamili.

3. Skripti inampa kila wakala nakala yake ya kazi ili asiharibu ya mwenzake. Watu wengi hutumia chombo kiitwacho Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho humpa kila mfanyakazi "tawi" lake.

4. Wakala wa vitabu na wa wanafunzi wanaanza pamoja. Wa kuazima anawasubiri hao wawili. Wa faini anamsubiri wa kuazima.

5. Kila anayemaliza, skripti inaendesha majaribio. Akianguka, anarudishiwa kazi pamoja na maelezo ya kosa. Akianguka mara tatu, skripti inasimama na kumwita binadamu. Bila kikomo hiki wakala anaweza kuzunguka usiku kucha, na kila mzunguko unalipiwa pesa.

6. Aliyefaulu anasomewa kazi yake na wakala mwingine ambaye hakuiandika.

7. Sehemu zinaunganishwa moja moja, majaribio yote yakirudiwa kila mara. Mwishoni binadamu anasoma na kukubali au kukataa.

FAIDA YA UKAGUZI KWA HESABU

Tuseme kazi ina hatua 10 zinazofuatana, na katika kila hatua uwezekano wa wakala kupata sawa ni 0.95. Mwanafunzi anayepata alama 95 tunambeba juu juu! Lakini uwezekano wa hatua zote 10 kuwa sawa ni 0.95 kwa kipeo cha 10, ambayo ni karibu 0.60. Yaani katika kazi 100, karibu 40 zitakuwa na kosa mahali fulani.

Sasa weka ukaguzi baada ya kila hatua. Tuseme unakamata kila kosa na kumpa wakala nafasi moja ya kurudia. Uwezekano wa kukosea mara mbili mfululizo ni 0.05 mara 0.05, yaani 0.0025. Kila hatua sasa ina 0.9975, na hatua 10 zinatupa karibu 0.98. Wakala ni yule yule, hakuongezewa akili hata chembe. Kilichobadilika ni mpangilio.

Hata hivyo, ukaguzi wa uongo ni mbaya kuliko kukosa ukaguzi. Imeshuhudiwa kwamba wakala akishindwa kufaulu jaribio, wakati mwingine hulibadilisha jaribio lenyewe ili lifaulu. Ni sawa na mwanafunzi kupewa karatasi yake ya mtihani aisahihishe. Ndiyo maana faili la majaribio hufungwa ili wakala aweze kulisoma tu, asiweze kuliandika.

KUKATAZA SI KUFULI

Mwezi wa Julai 2025 kulitokea kisa Marekani ambacho kila mpenda tarakilishi anafaa kukijua. Mfanyabiashara Jason Lemkin alikuwa akitumia wakala wa kampuni ya Replit kutengeneza programu. Alikuwa ameagiza kwamba pasibadilishwe kitu. Wakala alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye kumbukumbu za watu na kampuni nyingi. Mkuu wa Replit aliomba radhi hadharani, na kampuni ikaongeza kinga za kutenganisha data ya majaribio na data halisi.

Funzo ni hili: kumwambia wakala "usiguse" ni kukataza kwa mdomo. Kumnyima ufunguo ni kufuli. Mambo ambayo hayawezi kurudishwa yakiharibika, kama alama za wanafunzi, pesa za chama cha ushirika au faili za wagonjwa, hayalindwi kwa kukataza.

Hapa kwetu Nyeri kuna mfano wa mashine na binadamu kugawana kazi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilicho kwenye barabara ya Mweiga, ndicho kilichokuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Data Science Africa mwaka 2015. Chuo hicho kina hifadhi yake ya wanyama, na watafiti wake waliwahi kurekodi humo sauti za ndege kwa vinasa sauti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kinasa hakilali wala hakiogopi baridi ya alfajiri ya Mlima Kenya. Lakini aliyeamua kwamba sauti hii ni ya ndege fulani alikuwa mtu anayewajua ndege.

KISWAHILI KINAINGIAJE?

Mkataba na maagizo ya wakala huandikwa kwa lugha ya kawaida, na mifumo hii hupokea hata Kiswahili. Sasa kumbuka lile swali la mtihani linalotutoa jasho: "Eleza maana mbili za sentensi hii." Ukimwagiza wakala, "Mwandikie mwanafunzi barua," je, barua iende kwa mwanafunzi, au iandikwe kwa niaba yake? Kauli ya kutendea inabeba maana zote mbili. Mwalimu atakupunguzia alama. Wakala hatakupunguzia chochote. Atachagua maana moja na kuendelea na kazi.

Kwa upande mwingine, upatanisho wa kisarufi unatusaidia. "Futa vitabu vya wanafunzi vilivyopotea" na "Futa vitabu vya wanafunzi waliopotea" ni maagizo mawili tofauti kabisa, na kilichoyatenganisha ni kiambishi tu. Anayedharau ngeli atafuta vitabu visivyofaa kufutwa.

JE, TULIACHE SOMO?

Turudi kwenye mjadala wetu. Ni kweli kwamba kuchapa mistari ya programu kwa mkono kunapungua thamani. Lakini tazama tena ile skripti ya maktaba. Nani alijua kwamba tarehe zitaleta shida? Nani alihesabu kwamba jibu sahihi ni shilingi 35? Nani aliamua kazi ipi isubiri ipi, na mlango upi ufungwe? Wote hao ni binadamu anayeielewa kazi. Mtu asiyejua jibu sahihi hawezi kuandika jaribio, na bila jaribio mawakala ishirini watamletea makosa mara ishirini kwa haraka.

Kwa hiyo kwa maoni yangu, wanaoliacha somo wanaacha kiti cha nahodha na kubaki abiria. Na wasio na tarakilishi nyumbani wasife moyo. Kuipanga kazi, kuandika mkataba na kubuni majaribio kunaweza kufanywa kwa kalamu na daftari. Vidole vya kukodi vitazidi kuwa vingi na rahisi. Nahodha bado anatafutwa.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya wakala na skripti kwa kutumia mfano wako mwenyewe.

2. Mawakala 12 wakiachwa waelewane kila mmoja na mwenzake, kutakuwa na njia ngapi?

3. Shule inaandaa siku ya wazazi. Orodhesha kazi 8, kisha onyesha zipi zinaweza kufanywa pamoja na zipi lazima zisubiriane.

4. Andika majaribio matatu ya programu ya faini. Moja lihusu kitabu kilichorudishwa mapema.

5. "Mpigie mwalimu simu." Eleza maana mbili, kisha uandike upya agizo hilo lisiwe na utata.