Je, Maneno ya Mgonjwa ni Kipimo?

Somo la mwezi huu linahusu ugonjwa wa misuli ambao madaktari huuita miositisi. Si ugonjwa wa watu wengi, lakini anayeupata huteseka mara mbili: kwa ugonjwa wenyewe, na kwa kutoaminiwa nyumbani. Tutaona pia jinsi maneno ya mgonjwa yanavyoweza kuwa kipimo cha kweli.

UGONJWA WENYEWE
Kazi ya kinga ya mwili ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Katika miositisi, kinga hiyo huigeukia misuli ya mwili wenyewe na kuidhuru. Misuli ya mapaja, nyonga, mabega na shingo ndiyo hudhoofika zaidi, kwa kawaida pande zote mbili. Udhaifu huja polepole, kwa wiki au miezi. Mtu hushindwa kuinuka mkekani bila kushika kitu, kujitwika ndoo ya maji, kuchana nywele, au kusimama baada ya kupiga magoti kanisani. Wengine hutokwa na upele usoni au juu ya vifundo vya vidole.

Kwa kuwa mara nyingi hakuna jeraha la kuonekana, majirani husema ni mvivu au amerogwa. Miezi hupita, na misuli huendelea kuharibika. Kumbe dawa za kutuliza kinga hiyo zipo, na mazoezi yanayoongozwa na mtaalamu husaidia.

KWA NINI AULIZWE MGONJWA?
Daktari hupima damu na nguvu za mikono na miguu. Lakini vipimo hivyo havisemi kama mama huyo aliweza kuchota maji asubuhi, wala kama maumivu yalimnyima usingizi. Hayo anayajua yeye.

Ndiyo maana mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa dodoso la maswali 20 kuhusu kazi za kila siku. Kila jibu hupewa alama, kuanzia 0 kwa asiye na shida hadi 3 kwa asiyeweza kabisa. Lilianza kwa wagonjwa wa viungo, baadaye likatumika pia kwa wagonjwa wa miositisi. Katika miaka ya karibuni, wagonjwa wa miositisi wa nchi kadhaa, zikiwamo Marekani, Sweden na Korea Kusini, waliulizwa ni mambo gani hasa yapimwe. Uchovu na maumivu yalikuwa miongoni mwa waliyoyataja.

Kwetu Kusini maneno ya wagonjwa yana historia. Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea katika nyanda za Makonde. Waliougua walikunjamana kwa maumivu, na neno la Kimakonde lililoeleza hali hiyo, chikungunya, ndilo jina la ugonjwa huo duniani kote hadi leo.

SWALI NALO HUPIMWA
Mizani ya korosho ikiwa mbovu, mkulima hupunjwa. Vivyo hivyo, swali baya humpunja mgonjwa. Kabla ya kuliamini, wataalamu huchunguza mambo manne:

1. Je, lalingana na maisha yetu? Dodoso la Stanford linauliza kuhusu kuoga katika sinki kubwa la kulala na kufungua mlango wa gari. Mama wa Msimbati aulizwe kuhusu ndoo, kinu na kuingia mtumbwini.

2. Je, laeleweka kama lilivyokusudiwa? Mgonjwa akisema "sina nguvu", huenda mkono hauinuki, huenda amechoka, huenda amekata tamaa. Mwanamume huenda akaona aibu kulijibu, akidhani anaulizwa mambo ya unyumba.

3. Je, jibu limetulia? Hali isipobadilika, akiulizwa tena baada ya wiki moja au mbili jibu lisiwe mbali na la kwanza.

4. Je, lakubaliana na vipimo vingine, na huonyesha mabadiliko mgonjwa anapopona au kuzidiwa?

Kazi ya namna hii imefanyika nchini. Mwaka 1999 zilichapishwa taarifa za dodoso la afya la maswali 36, lililotafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa kwa wakazi wa Dar es Salaam. Dodoso la asili la Kiingereza linataja mchezo wa gofu na mashine ya umeme ya kufagia! Hata hivyo, kipimo kilichofaa kwa wakazi wa mjini hakitoshi kuaminiwa moja kwa moja kwa mgonjwa wa misuli wa kijijini. Hupimwa tena kwa wale watakaokitumia.

TUFANYE NINI NYUMBANI?
Kwa desturi yetu, ukiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo", hata ukiwa taabani. Mbele ya daktari heshima hiyo yaweza kukuponza. Sema unachoshindwa kufanya.

• Kila wiki andika katika daftari: Nimeinuka mwenyewe? Nimeinua ndoo? Nimelala? Daftari si dodoso lililopimwa, lakini litamsaidia daktari.
• Msimjibie mgonjwa. Mwacheni aseme mwenyewe.
• Asiache ghafla dawa kama prednisoloni kwa sababu amepata nafuu. Ni hatari.
• Akipaliwa, akishindwa kumeza au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Upofu wa Bartimayo ulionekana na wote, lakini Yesu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini (Mk 10:46-52). Nasi tuwaulize wagonjwa wetu, kisha tuwasadiki.

MASWALI YA JUMUIYA NDOGONDOGO
1. Je, katika jumuiya yetu yupo anayeitwa mvivu ambaye huenda ni mgonjwa?
2. Tunapomtembelea mgonjwa, tunamwuliza nini baada ya salamu?
3. Nani atamsindikiza zahanati, ili apewe rufaa ya hospitali kubwa?